Morris Minor ya marehemu baba (1098cc): nitie petroli gani, na je, nichanganye kitu?

BintiKarani (Tanga)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, hasa wa mtu aliyewahi kuishika injini ya Morris kwa mikono yake mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1974 alinunua Morris Minor 1000, milango minne, kijani hafifu, kutoka kwa meneja aliyekuwa anarudi kwao. Gari ni la 1967. Lilitupeleka shule, lilimpeleka mama Bombo kujifungua wadogo zangu wawili, na siku za Idi lilitubeba watu saba hadi Pangani. Mwaka 2003 macho yalipoanza kumsumbua akaliegesha chini ya mwembe, akalifunika turubai, na kila aliyekuja kutaka kulinunua alirudi mikono mitupu. Mzee ametutoka mwaka juzi. Funguo aliniachia mimi.

Tumeliamsha miezi minne iliyopita. Petroli iliyokuwa imebaki kwenye tanki ilikuwa nyeusi, inanuka kama vanishi. Tanki limeoshwa mara tatu, mipira ya mafuta imebadilishwa, kabureta limefunguliwa na kusafishwa, pampu ya mafuta imewekewa diaframu mpya. Sasa ukifungua swichi unasikia ile tik-tik-tik niliyokuwa naisikia nikiwa mdogo kiti cha nyuma, kisha inanyamaza kabureta likishajaa. Siku ya kwanza nilipoisikia nililia pale pale uani.

Shida zangu ni mbili. Kwanza, nikipanda mlima au nikikanyaga mafuta nikiwa gia ya tatu, injini inagonga. Mlio wake ni kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Pili, nikizima swichi injini haizimi. Inaendelea kujitikisa, puku puku puku, hata nusu dakika, ndipo inakufa na harufu mbaya. Hili la pili lilianza nilipojaza sheli moja ya njiani. Kabla ya hapo lilikuwa halipo.

Kila mtu ana dawa yake. Kijana wa sheli anasema nitie ile petroli ya bei ya juu. Fundi wa mtaani anasema nichanganye oili ya 2T (ile ya pikipiki za viharusi viwili), kwamba inachukua nafasi ya madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli ya zamani. Shemeji yangu anasema injini ilizoea petroli ya risasi, bila hiyo itakufa, kwa hiyo niliache gari liwe pambo la bustani.

Kipi ni kipi? Na nitajuaje kama naiharibu injini kabla haijaharibika? Sitaki kuliua gari la baba kwa kutojua.

Mgongo_wa_Kobe (Nairobi)

Pole sana dada kwa kumpoteza mzee.

Mimi nina Volkswagen Beetle ya 1969, injini ya 1500, na huwa natia super ya kawaida ya pampu bila kuchanganya kitu chochote. Mwaka wa kumi na moja sasa. Haigongi, inazima mara moja, na sijawahi kufungua hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu. Hizi hadithi za risasi naona watu wanazitilia chumvi. Tafuta stesheni yenye wateja wengi, mahali ambapo mafuta hayakai kwenye tanki la chini ya ardhi wiki nyingi, na uendeshe gari.

Kijana_wa_Anga (Arusha)

Dada, dawa unayo karibu. Ndege ndogo za pistoni zinatumia mafuta yanayoitwa 100LL, na bado yana risasi ndani. Ukimpata mtu wa uwanja wa ndege akuuzie galoni moja, changanya kwenye tanki lako, oktani (nguvu ya petroli ya kuzuia kugonga) inapanda na risasi inarudi kwenye valvu kama zamani. Kuna watu wanafanya hivyo.

FundiChuda (Tanga)

Mwanangu, nakupa pole ya msiba. Gari lenu nalifahamu, kama ni lile lililokuwa linaegeshwa nje ya ofisi ya mkonge lenye kitambaa cheupe kwenye kioo cha nyuma. Sikuwahi kulitengeneza, baba yako alikuwa na fundi wake, lakini Morris nimeanza kuzifungua mwaka 1969 nikiwa kijana wa kupokeza spana.

Uvumilie maneno yangu, yatakuwa mengi.

Watu wengi wakiuliza mafuta gani, wanauliza oktani. Kwenye gari lako yapo maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. La oktani ndilo linalogonga masikioni mwako. La risasi halina mlio wowote, na hilo ndilo linaloua hedi.

Tuanze na mlio. Fungua boneti utazame ubavu wa kulia wa bloku, juu ya dainamo. Kuna kibati chenye namba ya injini. Itaanza na 10MA, halafu herufi, kisha utaona H au L kabla ya tarakimu zenyewe. H maana yake mgandamizo wa juu, 8.5 kwa 1. L ni wa chini, 7.5 kwa 1, waliokuwa wakiutengeneza kwa nchi zenye petroli dhaifu. Kama ni L, petroli yoyote safi ya pampu inakutosha, na kama inagonga basi kosa ni la marekebisho. Kama ni H, bado super ya kawaida inaweza kukutosha, ila injini haitakusamehe timingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikiwa mbele au petroli ikiwa imechakachuliwa.

Hapo kwenye kuchakachuliwa ndipo macho yangu yalipo. Kujitikisa baada ya kuzima swichi maana yake ndani ya chumba kuna kitu chekundu kwa moto, kaboni au ncha ya plagi, kinachowasha mchanganyiko bila cheche. Morris zina tabia hiyo hata zikiwa nzima kama sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imewekwa juu mno. Lakini wewe unasema ilianza baada ya sheli moja. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli yanashusha oktani sana. Enzi zile mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo mchezo huu ulikuwa wa kila siku. Tangu kodi ilipopandishwa mwaka 2011 umepungua, lakini haujaisha. Fanya hivi: chota petroli kidogo kutoka kwenye tanki, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, na tone jingine kwenye karatasi ya pili kutoka kwenye petroli unayoiamini. Ziache kivulini. Petroli safi itakauka na karatasi itabaki karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa itaacha duara la mafuta, ukiinua karatasi juani unaona mwanga unapita kwenye doa. Ukiona duara hilo, toa tanki lote. Usilimalizie kwa kuhurumia hela.

Sasa risasi. Ndugu yangu wa Nairobi, ulichosema ni kweli kwa Kobe yako. Hedi ya Beetle ni ya aluminiamu, kwa hiyo ilibidi kiwandani waiwekee siti za valvu (pale valvu inapokalia ikifunga) za chuma kigumu kutoka siku ya kwanza. Mgandamizo wake ni mdogo. Halafu wewe uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda haijai kama inavyojaa huku kwetu, kwa hiyo injini haina nguvu ya kugonga. Gari lisilogonga Nairobi likishushwa Tanga na timingi ile ile linaweza kuanza kulia. Usimpimie binti huyu kwa kipimo chako.

Hedi ya Morris ni chuma cha kumimina, na siti za valvu zimechongwa ndani ya chuma hicho hicho. Hakuna pete ngumu. Petroli ya risasi ilikuwa ikiungua inaacha utando mwembamba juu ya siti, na utando huo ndio uliokuwa unazuia valvu na siti zisishikane. Tanzania na nchi zote za kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Bila utando, valvu ya moshi ikiwa nyekundu kwa joto inagusa siti na kujichomelea kwa vituo vidogo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ikifunguka inang'oa chembe za chuma. Chembe hizo zinageuka kutu ngumu, zinakuwa msasa. Valvu inazama kidogo kidogo ndani ya hedi.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Mwaka 2007 bwana mmoja muuza nazi aliniletea Morris pikapu. Alikuwa anatoka Pangani alfajiri na mzigo hadi juu ya springi, anaikimbiza kila siku. Kila mwezi ananiletea nirekebishe tapeti, ile nafasi ndogo juu ya mguu wa valvu, na kila mwezi nakuta zimebana. Mara ya tatu nikasema, hapana, hebu tufungue hedi. Nilipolaza rula ya chuma juu ya miguu ya valvu nane, rula ilikalia miguu miwili tu ya katikati, ya nne na ya tano, na ile mingine sita ilikuwa chini, mwanga unapita. Valvu hizo mbili zilikuwa zimezama kiasi kwamba kingo zao zilikuwa ndani ya shimo. Siti ilikuwa pana, ina vidonda kama uso wa mwenye ndui.

Kwa nini ya nne na ya tano? Kwa sababu kwenye injini hii silinda ya pili na ya tatu zinatolea moshi tundu moja la katikati. Valvu mbili za moshi zimekaa ubavu kwa ubavu, joto halina pa kukimbilia. Ugonjwa huanzia hapo.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, utajuaje kabla haijaharibika, jibu lake ni filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Nunua uijue kuitumia. Injini ikiwa baridi, tapeti zote nane ni thau 12 (sehemu za elfu za inchi), yaani milimita 0.30. Hendeli ya kuwashia unayo? Toa plagi zote, zungusha kwa hendeli taratibu. Fuata kanuni ya tisa: valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8. Ya 2 ikiwa imefunguka, pima ya 7. Namba mbili zikijumlishwa lazima zifike tisa. Andika kila kipimo kabla hujagusa kitu.

Siti zikizama, nafasi ya tapeti inapungua. Kama valvu za moshi, yaani 1, 4, 5 na 8, zinapungua na zile za kuingizia zimetulia, umeshapata jibu. Hakuna anayeweza kukuambia kwa kutazama kibati cha sheli.

Kuhusu 2T: usitie. Oili haijengi utando unaotakiwa juu ya siti, na juu ya hapo inashusha oktani na kuongeza kaboni. Wewe tayari una injini inayogonga na isiyozima.

Na kijana wangu wa Arusha, najua umesema kwa nia njema, lakini jambo hilo naliomba lisifanyike. Sisi tulikuwa tunavuta petroli kwa mdomo na mpira, kila siku, petroli ya risasi. Tulikuwa tunanawa mikono kwayo, kisha tunakula. Hakuna aliyetuambia. Binti ana gari la kubeba watoto, litaegeshwa uani wanapocheza. Hedi inachongwa, mtoto hachongwi.

Mgongo_wa_Kobe (Nairobi)

Nakubali mzee, suala la mwinuko sikulifikiria kabisa. Mwezi wa nane niliteremka Mombasa na Kobe, na kweli ikaanza kulia kule karibu na Mariakani. Nilidhani ni petroli mbaya ya njiani.

Kuhusu risasi naunga mkono. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa kwetu Gigiri, lilikaa karibu miaka ishirini kwenye kampeni hiyo, hadi Algeria ilipoacha kuuza petroli ya risasi Julai 2021, nchi ya mwisho duniani. Kuirudisha kwa galoni uani kwa mtu si jambo la kufanya.

Kijana_wa_Anga (Arusha)

Nimeelewa mzee wangu, nisamehewe. Sikuwa nimelitazama upande wa watoto.

BintiKarani (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Ndilo gari lenyewe. Kitambaa kile alikifuma mama, na bado kipo.

Nimefanya yote uliyoniagiza, naomba uyasome.

Kibati: 10MA, na herufi ni H.

Karatasi: tone la tangini kwangu limeacha duara kama sahani ya kikombe, hata leo siku ya tatu lipo. Tone la petroli niliyoazima kwa jirani mwenye bodaboda limepotea kabisa. Nimetoa lita 19 zote. Sitaki kuitaja sheli hiyo hapa kwa sababu sijui mchanganyiko ulifanyika kwao au kwenye lori, ila nimepeleka malalamiko panapohusika.

Tapeti: nilipokuwa natafuta hendeli kwenye buti, chini ya tairi la akiba nimekuta daftari la baba. Alikuwa karani, nilipaswa kujua. Kila alipojaza mafuta ameandika tarehe, maili, galoni na bei. Na kila alipopima tapeti ameandika. Ukurasa wa mwisho wa tapeti ni wa Februari 2003, maili 78,420: "zote 12, hazikubadilika tangu mwaka jana." Sasa mita inasoma 79,336.

Vipimo vyangu vya jana asubuhi, injini baridi, kuanzia mbele kwenye rejeta: 12, 12, 12, 9, 8, 12, 12, 11.

Ya 4 nimeirudia mara tatu na ya 5 mara nne kwa sababu nilitumaini nimekosea. Filagegi ya 9 haiingii kabisa kwenye ya 5.

Mzee, maili 916 tu. Nimeshaiharibu?

FundiChuda (Tanga)

Marahaba mwanangu. Daftari hilo lina thamani kuliko mashine nyingi za kupimia. Huyo baba yako alikuwa mtu wa kazi.

Hujaiharibu. Imeanza, ndiyo. Maili 916 na thau nne ni mwendo wa kasi, lakini kumbuka maili hizo zilikuwa na mambo mabaya yote kwa pamoja: petroli yenye mafuta ya taa, injini inagonga, na kugonga kunapandisha joto la valvu. Kwa hiyo kipimo hiki hakikuambii jinsi gari litakavyochakaa ukilitunza. Tupate kipimo safi.

Kwanza rudisha tapeti zote 12. Usiziache zimebana hata siku moja. Valvu isiyokaa sawasawa kwenye siti haipati pa kupoza joto lake, inaungua ukingo.

Pili, kabureta. La SU lina kipini kidogo chini ya ubavu cha kuinulia pistoni. Injini ikiwa ya moto na sailensa imetulia, kiinue kwa upana wa ukucha, zaidi ya hapo usiende. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kufa, mafuta ni machache, na hilo ndilo baya kwako kwa sababu mchanganyiko mkavu unaunguza. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, hapo pake. Halafu uendeshe maili kumi, utoe plagi uzitazame. Nataka rangi ya karanga iliyokaangwa. Nyeupe, rudi kwenye kabureta.

Tatu, timingi. Kwenye distributa, kile kinachogawa cheche kwa plagi, kuna kirungu kidogo cha kuzungusha kwa vidole, kimeandikwa A upande mmoja na R upande wa pili. Wenye kuibuni injini hii walijua petroli hailingani kila mahali, wakamwekea dereva mwenyewe cha kurekebishia. Kizungushe kuelekea R kidogo kidogo. Tafuta kilima, gia ya tatu, kanyaga. Ikilia, R tena. Ikinyamaza, acha hapo. Usiende mbali zaidi kutafuta usalama, timingi ikichelewa sana moshi unatoka bado unaungua na valvu zile zile ndizo zinazopata moto.

Nne, petroli. Tia super ya kawaida kwenye sheli yenye magari mengi, na uwe unapima karatasi kila ukibadilisha sheli. Ile ya bei ya juu si sumu, na kwenye joto la Desemba ukiwa na watu wanne inaweza kukupa nafasi ya kupumua. Lakini haitaziokoa siti zako. Oktani haina uhusiano na siti. Ukitia ya bei ya juu kwa kudhani inafanya kazi ya risasi, umenunua kitu kingine.

Tano, kuna dawa za chupa za kuchukua nafasi ya risasi, nyingine zimejengwa kwa manganizi, nyingine potasiamu. Zinasaidia, mradi upate chupa ya kweli na ufuate kipimo chake. Chagua aina moja usiichanganye na nyingine.

Dawa ya kudumu ni pete ngumu kwenye siti nne za moshi. Za kuingizia ziache, hewa baridi inazipoza. Hedi inapelekwa kwa mchongaji, anachonga kitako cha kila siti, pete inakuwa kubwa kuliko tundu kwa unywele. Sisi tulikuwa tunalaza pete kwenye barafu ya wavuvi usiku kucha, tunapasha hedi moto, kisha pete inaingia kwa kugongwa mara moja. Ikipoa hakuna nguvu ya kuitoa. Lakini chagua mchongaji aliyewahi kufanya hedi hii hii, umuulize ngapi. Kati ya ile ya nne na ya tano nyama ni nyembamba sana, na chini yake kuna njia ya maji. Mwaka 2009 nilimkabidhi mtu hedi ya mteja wangu bila kumuuliza, akachonga kina, akatoboa hadi kwenye maji. Nilimlipa mteja hedi nyingine kwa miezi minane. Naumia mpaka leo nikiikumbuka, ilikuwa hedi nzima isiyo na ufa.

Haraka ya kufungua sasa huna. Endesha maili 300, usizidi maili 45 kwa saa, kisha pima.

MtuWaReading (Uingereza)

Samahani nadandia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, niko huku miaka mingi na nina Morris Traveller ya 1970. Huku petroli ya risasi iliondolewa tangu Januari 2000, na hedi yangu niliitia pete mwaka 2004. Anayoyasema fundi ndiyo nimeyapitia.

Naongeza jambo moja kwa sababu spea nyingi za Morris huko zinaagizwa huku. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Inalainisha mipira ya zamani, inakwangua uchafu wa tangini, na ikikaa inavuta maji. Ninatia ile ya super yenye ethanoli ndogo na nimebadilisha mipira yote. Dada, ukiagiza mipira ya mafuta agiza iliyoandikwa R9 ubavuni. Hata kama petroli ya huko haina ethanoli leo, mipira hiyo haitakusumbua kesho.

Ngamiani nasalimia.

BintiKarani (Tanga)

Ngamiani wamesikia, kaka. Mpira wa R9 nimeagiza mita mbili.

Mzee wangu, ripoti. Imenichukua wiki saba kufikisha maili 300 kwa sababu nilikuwa natumia gari Jumamosi na Jumapili tu.

Timingi: nimezungusha kirungu kuelekea R mara mbili, kila mara nikipanda pale penye mteremko wa kutoka bandarini kuja mjini. Mara ya pili ikanyamaza. Gari linapanda vizuri, halina uzito wowote.

Kuzima: linazima papo hapo. Nimeshusha sailensa kidogo. Zile puku puku hazijarudi tangu nilipotoa petroli ile.

Plagi: tatu ni rangi ya karanga. Ya silinda ya kwanza ni nyeusi kidogo.

Tapeti kwenye maili 79,648: 12, 12, 12, 11, 11, 12, 12, 12. Natumia dawa ya chupa kwa kipimo chake, petroli ya sheli moja tu, na karatasi nimepima mara nne.

Nimeandika kwenye daftari chini ya ukurasa wa baba. Hedi nitaifungua mwakani nikishapata mchongaji; wawili niliowauliza walisema hawajawahi kuifanya, na mmoja alisema atajaribu. Huyo wa kujaribu nimemshukuru nikaondoka.

Swali langu la mwisho. Mama anataka kwenda Lushoto kumwona dada yake, ana miaka 81, na anataka kwenda kwa gari hili. Kutoka Mombo hadi Soni ni kupanda tu. Niende, au nisubiri pete?

FundiChuda (Tanga)

Thau moja kwa maili 300 ni nyingi bado kwa gari la kutembea kila siku. Kwa gari la Jumamosi una muda wa kutosha wa kutafuta mtu wa maana. Hao wawili waliokuambia hawajawahi, rudi uwasalimie siku moja, ni watu wa kweli. Plagi ya kwanza nyeusi, tazama waya wake kwanza.

Nenda na mama. Toka Tanga saa kumi na moja alfajiri, jua lisikukute njiani. Jaza tanki hapa hapa kwenye sheli yako, galoni sita na nusu zinakufikisha na kukurudisha bila kununua njiani. Mombo simama, fungua boneti, ipoe dakika ishirini, mama anywe chai. Panda kwa gia ya pili mapema, usiibanie gia ya tatu hadi ilie; injini ikizunguka nyepesi valvu zinapata nafuu kuliko ikivutwa. Ukisikia kokoto hata mara moja, achia mafuta, shuka gia. Beba lita tano za maji na kile kirungu ukijue kilipo hata gizani. Ukivuka Soni utaona inatulia yenyewe, hewa ya juu.

Ukirudi, iache ilale usiku, pima asubuhi kabla hujawasha, niandikie ya 4 na ya 5.